Kisu cha Bei Rahisi: Namna ya Kukichagua na Kukijaribu

Wasomaji wetu wengi ni watu wa mashamba na mifugo, na ni shida kumpata mmoja asiye na kisu. Lakini ukimwuliza mtu alikichaguaje kisu chake, mara nyingi atakujibu ya kuwa alikiona kinang'aa, na bei yake ilimpendeza. Nasi tulifanya vivyo hivyo. Mwaka mmoja tulinunua mnadani kisu kirefu chenye mpini mweusi na misumari mitatu ya kumetameta, tukakileta nyumbani kwa furaha. Siku ya arusi ya jamaa zetu kijana wetu mmoja alikuwa akichuna mbuzi kwa kisu hicho. Alipokaza mkono akate kiungo cha paja, bapa lilichomoka mpinini, likageuka, likampasua kiganja. Mwezi ule ulikuwa mwezi wa kupanda. Hakushika jembe kwa muda wa majuma sita, na shamba la mama yake lilipandwa nusu tu.

Tulipoutazama ule mpini tuliona sababu. Ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, ambayo wahunzi huiita msuka, ilikuwa fupi kama kiungo cha kidole, tena imegandishwa kwa gundi. Misumari mitatu ilikuwa pambo. Hata mmoja haukupita katika chuma. Tulikipeleka kwa mhunzi mzee wa jirani. Alikigeuza huku na huku, akakiparuza kwa tupa, kisha akasema, "Bwana karani, wewe umenunua kioo cha kujitazamia, hukununua kisu." Tukamwuliza, "Sasa, mzee wetu, kisu kizuri chajulikanaje kabla fedha haijatoka mfukoni?" Mambo aliyotufundisha siku ile, pamoja na yale tuliyoyaona baadaye kwa kutumia kisu kingine, ndiyo tutakayoyaeleza hapa.

Kisu tunachokisema si panga wala sime, wala si kisu cha kukunja. Kisu cha kukunja chafaa mfukoni, lakini kina kiungo, na kiungo hicho huingia mchanga, mafuta na damu, tena huweza kujifunga juu ya vidole vya mwenyewe. Kisu cha kazi ya porini na shambani ni bapa moja lisilokunjwa, lenye urefu wa kadiri ya upana wa kiganja au zaidi kidogo, linalokaa katika ala kiunoni.

Kisu tulichokijaribu baada ya msiba ule tuliletewa na ndugu yetu baharia. Kimetoka mji wa Mora, katika jimbo la Dalarna, nchi ya Uswidi. Twakitaja kwa mfano kwa kuwa bei yake ni ndogo, kadiri ya dola 20 za Kimarekani, hali visu vya mafundi mashuhuri huweza kuuzwa mara kumi ya bei hiyo. Watu wa upande ule wamefua visu tangu karne nyingi. Mwaka 1891 Frost-Erik Erson, aliyekuwa amerudi kutoka Marekani alikokwenda kufanya kazi, alianzisha katika kijiji cha Östnor kiwanda cha magari ya kuburuta magogo juu ya theluji, na kazi ya visu ikaingia humo. Mwaka 1912 Krång-Johan Eriksson naye akaanza kiwanda chake cha visu. Viwanda hivyo viwili viliungana mwaka 2005, na tangu mwaka 2016 jina lao ni Morakniv. Huko kwao ni kisu cha seremala na mvuvi, wala si kitu cha kutundikwa ukutani.

Kisu chenyewe huitwa Companion. Bapa lake lina urefu wa sentimita 10 na kidogo, na unene wa milimita 2.5. Mpini ni wa plastiki na mpira, haupendezi sana machoni, lakini mkono wenye mafuta ya nyama hauutelezi. Ala nayo ni ya plastiki, ina tundu chini la kutokea maji.

Sasa tuanze na msuka, maana ndio uliomwumiza kijana wetu. Mnunuzi hawezi kuona ndani ya mpini, lakini zipo dalili. Ukiona ncha ya chuma imetokeza nyuma ya mpini, au ukiona chuma chenyewe kati ya vipande viwili vya mti, basi msuka umefika mwisho, na hapana kisu chenye nguvu kupita hicho. Kama umefichika, lifunge bapa kwa kitambaa kinene, ulishike, kisha gonga mpini juu ya ubao. Ukisikia mlio wa kitu kilicholegea, kirudishe. Tena kilaze kisu juu ya kidole, mahali bapa linapokutana na mpini. Kikianguka upesi upande wa bapa, ni dalili ya kuwa yamkini mpini hauna kitu ndani. Kisu cha Mora hakikutoa mlio wowote, lakini ni haki kusema ya kuwa msuka wake haufiki mwisho wa mpini. Kwa kukata hilo si neno. Kwa kubandulia mawe au kutekulia magogo ni neno kubwa, na mtu mwenye kazi hizo achukue mtaimbo.

Jambo la pili ni chuma chenyewe. Chuma kitupu hakishiki makali. Kinachoshika makali ni pua, ambayo wazee wakiisifu huiita feleji, yaani chuma chenye kaboni kidogo ndani yake, kilichochomwa na kuzimwa kwa ghafula. Twaa tupa nzuri, uiparuze polepole karibu na mpini, mahali pasipotumika. Kile kisu chetu cha kwanza kililiwa na tupa kama msumari uliwavyo. Cha Mora kiliifanya tupa iteleze kwanza, kisha ikauma kidogo sana, na hivyo ndivyo itakiwavyo. Chetu ni cha pua iliyochanganywa na kromi, kadiri ya sehemu 13 katika 100, ili isishike kutu upesi. Twasema upesi, kwa sababu chumvi na uchafu vikikaa juu yake siku nyingi nayo itapata madoa. Iko namna nyingine ya pua ya kaboni isiyo na kromi hiyo, ambayo hunoleka vizuri mno, lakini ukikatia ndimu na kukiweka bila kukifuta, bapa hubadilika rangi kabla hujamaliza kula.

La tatu ni umbo la makali, na hapa ndipo kisu hiki kilipotupendeza zaidi. Visu vingi vina mteremko mpana, kisha karibu na makali upo mteremko wa pili, mdogo sana, na mtu asiyezoea kunoa huukosea. Hiki kina mteremko mmoja tu kila upande, unaokwenda moja kwa moja mpaka makali. Ukiulaza mteremko huo wote juu ya kinoo kilicholowa maji, hata mtoto wa shule hawezi kukosea. Kwa kisu hicho tulichuna mbuzi wawili, tukakata kamba za katani, tukapasua ukindu, na kuchonga mpini wa jembe, bila kunoa ila mara moja. Ukitaka kujua kama makali yamekwisha, yaelekeze juani: makali yaliyo mazima hayaonekani, lakini yaliyo butu humeta kama uzi mweupe.

Lakini wembamba ule ule una hasara yake. Tulipojaribu kukatia mfupa, makali yalipata pengo, dogo kama ncha ya sindano, nasi tukanoa karibu saa nzima mpaka likatoka. Na ala, ingawa haiozi kama ya ngozi, mchanga wetu huingia ndani yake na kulikwaruza bapa kila likichomolewa. Yafaa isukutuliwe kwa maji.

Tulimrudia mhunzi mzee, tukaweka kisu cha Mora kando ya kisu chake, alichokifua kwa springi ya gari la mizigo. Chake kilikuwa kizito na kinene, na msuka wake ulipita mpini wote ukapindwa nyuma. Bei yake haikufika nusu ya kile kingine. Katika kupasua kuni na kukata vifupa chake kilishinda pasipo ubishi. Katika kuchuna na kuchonga kilishindwa. Mzee alitueleza ya kuwa kazi ngumu si kufua bali ni kuzima. Feleji ikizimwa majini huwa ngumu kama chupa, na huvunjika kama chupa. Hana budi kuirudisha katika moto mdogo mpaka irudi rangi ya majani makavu, kadiri ya digrii 200 na kidogo zaidi, ndipo ugumu upungue na ukakamavu ubaki. Mhunzi mwenye haraka huiruka kazi hiyo, na mnunuzi hawezi kuiona kwa macho. Kwa hiyo ukinunua kwa mhunzi, waulize kwanza waliokwisha kununua kwake mwaka jana.

Kisu cha Mora sasa anacho yule kijana, na kovu lingali kiganjani mwake. Akimaliza kuchinja hukiosha, hukikausha na kukipaka mafuta yasiyo na chumvi kabla ya kukirudisha alani. Juzi tulikwenda naye mnadani, akaokota kisu kimoja cheupe sana, akamwomba mchuuzi ruhusa ya kugonga mpini wake juu ya ubao. Mchuuzi akakataa, naye akakilaza kisu pale pale alipokiokota, tukaendelea kutafuta mbegu.