Mwandaaji wa Mbio Naye Hujifunza

Kukimbia kuna kanuni zake, na kuandaa mbio kuna zake pia. Mwaka 1979 Waingereza wawili, Chris Brasher na John Disley, walikimbia maratoni ya New York. Walivutiwa sana, wakachunguza jinsi mbio kubwa za Marekani zinavyoandaliwa. Tarehe 29 Machi 1981 maratoni ya London ikafanyika kwa mara ya kwanza, na watu zaidi ya 6,000 wakamaliza kilomita 42.195.

Sisi twamsifu Juma Ikangaa, Mtanzania aliyeshinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Ni haki yake. Lakini ni nani huwakumbuka waliompangia njia?

Katika mbio moja ya mtaani huku Temeke nilimwona mwenzangu akianguka kwa kiu saa nne asubuhi. Maji yalikuwako, lakini yote yaliwekwa mwisho wa njia.

Basi watakaoandaa mbio Temeke au Kinondoni na waanze alfajiri, waweke maji njiani, na wamngoje hata mkimbiaji wa mwisho. Wahenga walisema, tembea uone. Aliyekwisha kuona, na arudi atende.