Mtoto Anayezungumza kwa Picha Naye Ana Kiswahili Chake

Somo la wazazi, walezi na walimu



Katika jamii yetu, hapa Lackawanna na kule Buffalo, wapo watoto ambao hawasemi kwa mdomo, au husema maneno machache ambayo watu wa nje hawayaelewi. Baadhi yao hupewa shuleni ubao wa picha, au tableti inayotamka neno mtoto anapogusa picha. Hilo ni jambo jema. Shida ni kwamba mara nyingi kifaa hicho kina Kiingereza peke yake. Mtoto anaweza kumwomba mwalimu maji, lakini akirudi nyumbani hana njia ya kumwamkia bibi yake, ya kumjibu mjomba anayepiga simu kutoka Louisville au Columbus, wala ya kusema "sitaki" kwa lugha inayosemwa mezani. Nyumba nzima inazungumza, yeye yupo kando. Somo la leo ni namna ya kumpa mtoto huyo Kiswahili chake.

1. Mawasiliano mbadala ni nini?

Ni njia yoyote inayosaidia sauti ya mtu au kuchukua nafasi yake: ishara za mikono, vitu halisi, picha, ubao wa maneno, ubao wa herufi, kitufe chenye sauti iliyorekodiwa, au tableti yenye programu ya kuzungumza. Hutumiwa na watoto wenye usonji, waliopooza kwa sababu ya kuumia ubongo, wenye hali ya Down, na wengine wengi. Asiyeweza kugusa kwa kidole anaweza kuchagua kwa macho, kwa kichwa au kwa mguu.

Si lazima kuanza na kitu cha bei kubwa. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walifanya kazi na familia za vijijini majumbani mwao, wakitumia ishara, vitu vya kila siku na picha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014, na walezi walieleza kwamba waliona mabadiliko mazuri kwa watoto wao. Nayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali kuendeleza lugha za wenyeji, Lugha ya Ishara ya Kenya, Breili na njia nyingine za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Zote zimetajwa pamoja, kwa sababu zote ni njia za watu kusema.

2. Hofu mbili za wazazi

Hofu ya kwanza: "Akizoea kifaa, hatasema tena kwa mdomo." Mwaka 2006 watafiti watatu, Millar, Light na Schlosser, walikusanya tafiti zilizokuwapo kuhusu jambo hili. Katika tafiti zilizofanywa kwa uangalifu zaidi walikuwamo watu 27. Hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua. Asilimia 89 waliongeza usemi, ingawa kwa wengi ongezeko lilikuwa dogo. Wengine walibaki walipokuwa. Kwa hiyo picha haimfungi mtoto mdomo.

Hofu ya pili: "Lugha mbili zitamchanganya, heri tuache Kiswahili." Tafiti za watoto wenye hali ya Down na wenye usonji wanaolelewa kwa lugha mbili hazijaonyesha kwamba lugha ya pili inawarudisha nyuma. Na tujiulize: tukiacha Kiswahili, mtoto atazungumza na nani nyumbani? Mama anayelazimika kusema Kiingereza asichokimudu vizuri husema maneno machache, na mtoto husikia machache.

3. Kuchagua maneno ya ubao

Kosa linalofanyika sana ni kuchukua ubao wa Kiingereza na kuutafsiri neno kwa neno. Katika Kiingereza "mimi", "kutaka" na "siyo" ni picha tatu, na mtoto huziunganisha. Kiswahili hakijengwi hivyo. Neno moja, "sitaki", limebeba nani, hapana na kutaka, yote ndani yake. Ukitafsiri picha moja moja utapata "mimi hapana taka", na huyo atakuwa mtoto wa kuchekwa na binamu zake. Basi tuweke maneno mazima kama yanavyosemwa: kitufe cha "nataka" na kitufe cha "sitaki".

Pili, tuanze na maneno yasiyobadilika. Ngeli zina kazi: mtu mkubwa, kitabu kikubwa, maembe makubwa. Lakini "tena", "bado", "basi", "hakuna", "sasa", "hapa" na "sana" hayabadiliki. Neno "tena" linafaa kwa kuimba, kubembea na kusoma hadithi. "Hakuna" linafaa kwa maji, kitabu na watoto. Kitufe kimoja kinafanya kazi ya vitufe kumi.

Huu ni mfano wa maneno 24 ya kuanzia:

Kuomba na kukataa: nataka, sitaki, nipe, niongeze, nisaidie, ngoja
Yasiyobadilika: ndiyo, hapana, tena, bado, basi, hakuna
Maswali: nani, nini, wapi
Hali ya mtoto: naumwa, nimechoka, nimefurahi, naogopa
Adabu: shikamoo, asante, pole, samahani, hodi

Majina ya watu na ya vyakula ongezeni wenyewe. Msiondoe "sitaki" kwa kuogopa kwamba atalitumia mno. Mtoto asiyeweza kukataa kwa neno hukataa kwa kupiga kelele au kwa kuuma.

Tatu, ubao useme Kiswahili cha nyumbani kwenu. Familia iliyotoka Kivu au Katanga ikisema "mayi" na "mukate", kitufe kiseme hivyo. Kama nyumbani hamsemi "shikamoo", wekeni salamu mnayoitumia. Darasani kwetu mtoto atajifunza "maji" na "mkate" pia, kama watoto wenzake wanavyojifunza.

Nne, rekodini sauti. Programu nyingi za kuzungumza zinakuruhusu kurekodi neno kwa sauti yako, hata kama hazina sauti ya Kiswahili. Mtafuteni binamu wa rika lake: msichana wa miaka minane asipewe sauti ya mzee. Kwa ubao wa karatasi, picha za bure zinapatikana ARASAAC, mkusanyiko unaomilikiwa na serikali ya Aragón huko Hispania.

Tano, "tena" ya Kiswahili ikae mahali pale pale ilipo "tena" ya Kiingereza kwenye kifaa cha shule. Mkono hukumbuka mahali, kama vile vidole vinavyojua namba ya simu. Ukihamisha vitufe kila wiki, unamfanya aanze upya.

Mwisho, msisahau herufi. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na ba, be, bi, bo, bu ni njia rahisi ya kuingia katika kusoma. Wekeni alfabeti nyuma ya ubao. Anayeweza kuandika neno anaweza kusema hata lile ambalo hakuna mtu aliyemwekea picha.

4. Mtu mzima atangulie

Mtoto mchanga husikia maneno kwa mwaka mzima kabla ya kusema la kwanza, wala hatumdai. Mtoto wa picha naye anahitaji kuona wengine wakizungumza kwa picha. Kwa hiyo unaposema "Chakula bado," gusa "bado". Unaposema "Tuimbe tena?" gusa "tena". Usimlazimishe arudie. Onyesha tu, siku baada ya siku.

Ukiuliza swali, nyamaza na uhesabu moyoni hadi kumi. Kwetu ukimya mrefu unaonekana kama kumdharau mgeni, ndiyo maana huwa tunajibu kwa niaba ya mtoto. Mpe nafasi yake.

Usimshike mkono na kuusukuma kwenye picha. Maneno hayo yatakuwa yako, siyo yake. Usimpe mitihani ya "hii ni nini?" mchana kutwa. Akisema "kitabu kubwa", jibu kwa furaha: "Ndiyo, kitabu kikubwa!" Amesikia ngeli sahihi bila kuaibishwa. Wala kifaa kisinyang'anywe kwa sababu ya utundu. Mtoto mwingine akikosea hatumfungi mdomo.

5. Darasani kwetu Jumamosi

Mila zetu za kujibizana zinafaa sana hapa. Msimulizi anaposema "Paukwa!", darasa hujibu "Pakawa!" Kitufe kimoja kilichorekodiwa "Pakawa!" kinamwingiza mtoto katika hadithi sawa na wenzake. Kwenye vitendawili, mpeni kitufe cha "Tega!" Wakati wa kuita majina, kitufe cha "Nipo!" Mtoto ambaye jana alikuwa mtazamaji, leo darasa linamngoja ajibu.

Walimu, wafundisheni watoto wengine kuuangalia ubao na kuutumia. Ubao mkubwa ukutani, unaoguswa na mwalimu anapofundisha, huwasaidia pia wale wanaoanza Kiswahili.

6. Haki zenu shuleni

Sheria ya Marekani iitwayo IDEA, ambayo chanzo chake ni sheria ya mwaka 1975, inampa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya umma inayomfaa, bila malipo. Ni sheria ya nchi nzima, hivyo ndugu walioko Kentucky na Ohio nao wanaihusu. Kumbukeni haya:

Mnaweza kuandika barua ya kuomba mtoto apimwe. Katika jimbo la New York barua huenda kwa kamati ya elimu maalumu ya wilaya yenu ya shule. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, mahali pa kuanzia ni idara ya afya ya Kaunti ya Erie.

Mnapoalikwa kwenye mkutano wa mpango wa elimu wa mtoto, yaani IEP, shule inapaswa kuhakikisha mnaelewa, na hiyo ni pamoja na kuwapatia mkalimani. Kaka au dada wa mtoto asifanywe mkalimani. Semeni mapema kama mnataka Kiswahili cha Kongo au cha Tanzania.

Kipimo kifanywe kwa lugha ya mtoto kadiri inavyowezekana. Semeni wazi: "Nyumbani tunasema Kiswahili."

Kamati inapaswa kufikiria kama mtoto anahitaji kifaa cha mawasiliano. Ikiamua kwamba anakihitaji hata nyumbani ili afaidike na elimu yake, shule inatakiwa imruhusu aende nacho. Ombeni hilo liandikwe kwenye IEP, pamoja na maneno ya Kiswahili.

Kabla ya kuamua kifaa kipi kinafaa, ulizeni kuhusu TRAID, programu ya jimbo la New York ambayo vituo vyake huazima vifaa ili watu wavijaribu. Wazazi wanaohitaji kuelekezwa katika mambo ya elimu maalumu wanaweza kuwaendea Parent Network of WNY, iliyoko Buffalo.

7. Kazi ya wiki hii

Chagueni maneno manne tu: "tena", "basi", "sitaki", "nisaidie". Yachoreni au mbandike picha kwenye karatasi moja, muibandike mahali mnapokula. Kila mtu nyumbani, kuanzia babu hadi mdogo kabisa, ayaguse anapoyasema wakati wa chakula cha jioni. Jumamosi ijayo njooni na majibu ya maswali matatu:

Ni neno gani mtoto aliliangalia au kuligusa kwanza?
Ni nani nyumbani alisahau kungoja?
Ni neno gani lilihitajika, nalo halikuwamo?

Neno hilo la mwisho ndilo litakaloongezwa kwenye ubao wiki inayofuata.