SOMO: KIJANA BAADA YA SAA ZA SHULE

Soma Luka 2:41-52



Injili hutupa habari moja tu ya Yesu akiwa kijana mdogo: alipokuwa na umri wa miaka 12. Wazazi wake walimtafuta, na baada ya siku 3 wakamkuta hekaluni ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Walimu wale hawakumfukuza. Walimpa nafasi ya kuuliza maswali yake.

Je, vijana wetu wa Gwarama, shule ikifungwa jioni, huketi katikati ya nani? Tunanung'unika kwamba wameharibika. Lakini nani huvuna shamba asilolipalilia?

Wengine husema, "Hatuna fedha za kujenga kituo cha vijana." Tujifunze kwa jirani zetu. Mwaka 1987 huko Mathare, Nairobi, mahali pa watu maskini, kilianzishwa chama cha michezo cha vijana. Hawakungoja jengo, walianza na mpira. Timu zilipata pointi kwa ushindi, na pia kwa kuzoa takataka mitaani. Vijana wenyewe walifundishwa kuongoza wenzao.

Mstari wa 52 watupa mpango wa kazi. Yesu alikua katika mambo manne:

1. Hekima. Mwalimu mstaafu awasaidie masomo kabla giza halijaingia.
2. Kimo. Wacheze mpira, wavulana na wasichana.
3. Kumpendeza Mungu. Wasome Neno na kuuliza maswali bila kuogopa.
4. Kupendwa na watu. Wawachotee maji wajane na wazee.

Lakini tuangalie jambo moja. Binti akitoka shule hungojewa na ndoo, kuni, na mtoto wa kubeba mgongoni. Tukifungua kituo, na nyumbani kazi zikabaki vile vile, watakuja wavulana peke yao, na binti atafanya masomo yake usiku akiwa amechoka. Basi kila nyumba ipange: siku mbili kwa juma, kaka abebe ndoo. Hiyo ndiyo sadaka ya kwanza ya kituo, nayo haihitaji fedha.

Wala mzazi asiogope kwamba kituo kitamnyang'anya mtoto. Mstari wa 51 wasema Yesu alirudi Nazareti pamoja na wazazi wake, akawatii.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani kati yetu awezaye kutoa jioni moja kila juma?
2. Nyumbani kwako, ni kazi gani ya binti ambayo kaka yake aweza kuifanya?
3. Kijana akiuliza swali gumu juu ya imani, twamjibu au twamkemea?

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyeketi na wazee ungali kijana, utupe sisi wazee moyo wa kuketi na vijana wetu. Amina.