Daftari la Nyimbo: Mafunzo ya Kwanza ya Kusoma na Kuandika Muziki

Wahenga walinena: Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili hutajwa sana katika habari za duka na ng’ombe, lakini leo twapenda kulitia katika habari za nyimbo, maana wimbo nao ni mali. Mzee ajuaye nyimbo za jando, za mavuno, au za kubembeleza watoto, akifa, hufa nazo kama hapana mtu aliyeziandika. Hata kwaya ya shule ni vivyo hivyo. Mwalimu mwenye sikio jema hufundisha nyimbo ishirini kwa mdomo. Akihamishwa, mwaka wa kwanza watoto huimba kumi, mwaka wa pili huimba tano, na hizo tano zimekwisha kugeuka.

Huenda msomaji atasema, “Siku hizi simu ya mkononi hunasa wimbo wote.” Ndiyo, nasi twasifu kazi hiyo. Lakini simu hurudisha sauti tu. Haikuonyeshi kila mwimbaji ashike njia ipi, wala haikuambii kosa liko mahali gani. Anayeweza kusoma alama za wimbo aweza kuimba wimbo asiousikia hata siku moja, kama vile asomavyo barua ya mtu aliye mbali. Basi tueleze mambo ya kwanza, kidogo kidogo.

SAUTI NA SIFA ZAKE

Kila sauti hutoka katika kitu kinachotikisika: uzi wa zeze, ngozi ya ngoma, au nyuzi zilizo kooni mwa mtu. Mitikiso ikiwa ya haraka, sauti huwa nyembamba, yaani ya juu. Ikiwa ya polepole, sauti huwa nene, yaani ya chini. Katika mwaka 1939 mkutano wa mataifa uliofanyika London ulikubali kwamba sauti iitwayo A iwe ya mitikiso 440 kwa sekunde moja, ili vyombo vya nchi mbalimbali vipate kulingana. Sauti ya mitikiso 880 ni A ile ile, ila imepanda juu. Ndiyo sababu wanaume na watoto huweza kuimba wimbo mmoja pamoja, wala masikio hayaoni ugomvi.

Sauti ina sifa nne. Ya kwanza ni kimo chake, juu au chini. Ya pili ni muda wake, ndefu au fupi. Ya tatu ni nguvu yake. Ya nne ni tabia yake, ile itupayo kujua kwamba hii ni zumari na hii ni marimba, ingawa zote mbili zatoa kimo kimoja. Mwalimu na ashike sana tofauti ya kimo na nguvu. Akisema tu, “Pazeni sauti,” watoto wengine hupiga kelele na wengine hupanda juu, na wimbo huharibika. Heri aseme waziwazi, “Imbeni kwa nguvu,” au, “Pandeni juu.”

NGAZI YA SAUTI SABA

Muziki wa Ulaya hupanga sauti zake kama vipandio vya ngazi. Vipandio ni saba, na majina yake ni do, re, mi, fa, so, la, ti. Kisha do nyingine juu, na ngazi huanza tena. Majina haya ni ya zamani sana. Katika karne ya 11 mtawa mmoja wa Italia, Guido wa Arezzo, aliona wanafunzi wake wapoteza miaka mingi kwa kukariri nyimbo. Akachukua wimbo mmoja wa Kilatini ambao kila mstari wake huanza kipandio kimoja juu ya mstari uliotangulia, akaifanya silabi ya kwanza ya kila mstari kuwa jina la kipandio. Zamani do iliitwa ut, na kipandio cha saba kiliongezwa baadaye.

Katika karne ya 19, Bibi Sarah Glover wa mji wa Norwich, Uingereza, alitengeneza njia ya kufundisha watoto kwa herufi za kwanza za majina hayo. Mchungaji John Curwen, aliyezaliwa mwaka 1816 na kufa mwaka 1880, akaipokea, akaitengeneza zaidi, akaieneza. Njia hiyo yaitwa toniki solfa. Ilikuja Afrika pamoja na wamisioni, ikapendwa, maana yaweza kuandikwa ubaoni kwa chaki, au kupigwa chapa kwa herufi za kawaida tu. Huandikwa hivi:

d  r  m  f  s  l  t  d'

Alama ndogo juu ya herufi yaonyesha sauti ya ngazi ya juu. Alama ikiwa chini, kama s, (so ya chini), ni sauti ya ngazi ya chini.

Lakini vipandio hivi havikuachana sawasawa. Kutoka d hata r ni hatua nzima; r hata m, hatua nzima; m hata f, nusu hatua; f hata s, s hata l, na l hata t, hatua nzima; t hata d', nusu hatua. Ukihesabu utapata hatua nzima tano na nusu hatua mbili, ndiyo jumla ya nusu hatua kumi na mbili. Mahali pa hatari ni hapo pa nusu hatua. Waimbaji wasiofundishwa huipandisha fa mno, au huacha ti ikilegea chini, na kwaya yote huteremka pole pole bila kujijua.

Tena fahamu kwamba do haina mahali pamoja pa kudumu. Juu ya wimbo huandikwa, kwa mfano, “Do ni G.” Maana yake, tafuta sauti G, uiite do, na nyingine zote zitaifuata. Ukiona watoto wanakaza shingo hata mishipa yatokeza, usiwalaumu. Teremsha do, na ngazi nzima itashuka pamoja nayo, wala wimbo haubadiliki.

MAPIGO

Wimbo hutembea kwa mapigo, kama mtu atembeavyo kwa miguu. Katika mapigo, jingine lina nguvu na jingine ni dogo. Tukikata wimbo kwa mistari ya kusimama, ili kila pigo la nguvu lifuate mstari, kila fungu laitwa kipimo. Nyimbo za kupanga mguu zina mapigo mawili au manne katika kipimo. Nyingine zina matatu.

Katika solfa, nukta mbili (:) hutangulia pigo dogo. Kistari (–) chaonyesha kwamba sauti iliyotangulia yaendelea. Nukta moja (.) hukata pigo katikati, ili sauti mbili ziingie katika pigo moja. Tazama mfano wa mapigo mawili:

| d :r | m :m | s .f :m | r :– ||

Katika kipimo cha tatu, so na fa zagawana pigo moja. Katika kipimo cha mwisho, re yashika mapigo mawili. Kwanza piga makofi bila kuimba; kisha sema majina ya sauti kwa mapigo; mwisho imba. Anayeanza kwa kuimba hukosa mambo mawili kwa wakati mmoja.

MANENO NA PIGO LA NGUVU

Hapa twawaomba walimu watusikilize sana, maana nyimbo nyingi zilizofasiriwa huharibika hapa. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho: ka-RI-bu, wa-ZA-zi. Silabi yenye mkazo na ikutane na pigo la nguvu. Likiwekwa penginepo, neno huchechemea, na pengine maana hugeuka. Neno barabara ni shahidi. Likitamkwa ba-ra-BA-ra, ni njia kuu. Likitamkwa ba-RA-ba-ra, ni sawasawa kabisa. Mtunzi asiyeangalia mapigo aweza kusifu kazi njema, na wasikilizaji wakadhani anasifu njia ya magari.

Huu ni mfano mdogo ulio sawa, wa mapigo matatu:

:s, | d :r :m | s :m ||
Ka-ri-bu wa-za-zi

Ka yatangulia katika pigo dogo. RI yaangukia pigo la nguvu, na ZA kadhalika. Kwa lugha nyingine za Kibantu kuna jambo zaidi: kupanda na kushuka kwa sauti hubagua maana za maneno, kama katika Kiganda. Katika lugha hizo haitoshi kutazama mapigo. Na vipandio vya wimbo visishindane na kimo cha neno.

MISTARI MITANO

Njia ya pili ya kuandika ni mistari mitano yenye nafasi nne katikati, ambayo walimu wengi huiita stafu. Alama zake huitwa noti. Noti iliyo juu zaidi ina sauti ya juu zaidi. Mwanzoni mwa mistari huwekwa ufunguo. Ufunguo wa G ni wa sauti nyembamba, na mistari yake kutoka chini ni E, G, B, D, F. Nafasi zake ni F, A, C, E. Ufunguo wa F ni wa sauti nene, na mistari yake ni G, B, D, F, A.

Muda wa noti hujulikana kwa umbo lake, na hesabu yake ni kama ya fedha. Noti nzima ni duara tupu. Noti ya nusu ni duara tupu yenye mkia. Noti ya robo ni nyeusi yenye mkia. Noti ya thumni ni kama robo, ila mkia wake una bendera moja. Nzima moja ni sawa na nusu mbili, au robo nne, au thumni nane. Tarakimu mbili zilizowekwa baada ya ufunguo zaeleza kipimo: 3 juu ya 4 ni robo tatu katika kila kipimo.

Utaona pia herufi za Kiitaliano: p, maana yake imba kwa sauti ndogo, na f, maana yake imba kwa nguvu. Msomaji wa solfa asiichanganye f hii na fa. Hii husimama juu ya mstari wa wimbo, si ndani yake.

SAUTI NNE

Kwaya kamili ina mafungu manne: soprano na alto kwa wanawake na watoto, tena na besi kwa wanaume. Kila fungu lina njia yake, lakini zote hukutana. Jaribu hivi: fungu moja lishike d, la pili m, la tatu s, wote kwa pamoja. Masikio yatapendezwa mara moja. Huu ndio mwanzo wa upatanifu wa sauti.

ONYO NA MATUMAINI

Tusidhani kwamba ngazi hii ya Ulaya ndiyo kipimo cha nyimbo zote. Nyimbo nyingi za Afrika zatumia sauti tano tu. Marimba za Buganda huigawa ngazi katika hatua tano zinazokaribia kulingana, wala hatua hizo haziingii sawasawa katika herufi za solfa. Taarabu nayo, kwa asili yake ya Kiarabu, ina sauti nyingine ziangukazo katikati ya nusu hatua. Mwandishi mwaminifu huandika awezavyo, kisha huongeza kwa maneno, “Hapa waimba chini kidogo.” Asiwasahihishe wazee ili walingane na kinanda.

Na faida? Katika mwaka 1897 mwalimu mmoja wa Afrika ya Kusini, Enoch Sontonga, alitunga wimbo Nkosi Sikelel’ iAfrika, akauandika kwa solfa. Alikufa mwaka 1905, lakini wimbo haukufa. Tuni yake ikawa ya wimbo wa taifa la Tanganyika mwaka 1961, na yaimbwa hata leo katika Tanzania. Tena mwaka 1963 Kenya ilipotaka wimbo wa taifa, tuni ilitwaliwa katika wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza watoto. Sauti iliyomlaza mtoto kando ya Mto Tana ikawa sauti ya kusimamisha taifa zima, kwa kuwa walikuwako watu wa kuisikiliza na kuiandika.

Basi, ninyi wakubwa wa vijiji, waiteni wazee waimbaji wangali hai. Nanyi walimu, fanyeni mazoezi haya matatu. Kwanza, imbeni d r m f s l t d' kila asubuhi, kupanda na kushuka, mkiangalia mi na fa, ti na do. Pili, andikeni ubaoni kipimo kimoja kila siku, watoto wakisome kabla hawajakisikia. Tatu, kila mwezi chagueni wimbo mmoja wa mzee mmoja, mwuandike katika daftari, na jina la mzee na la kijiji chake, kisha mwimbieni yeye mwenyewe. Akitikisa kichwa, futeni mwandike tena. Akianza kuimba pamoja nanyi, jueni mmeandika barabara.