Nilimpiga mwanangu kwa ajili ya kigari

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mzaliwa wa Pweto ng'ambo ya Kongo, sasa naishi Kashikishi, hapa Nchelenge. Nanunua samaki aina ya pale kwa wavuvi, naikausha na kuipeleka Copperbelt. Tangu 2011 nakusanya vigari vya chuma vya kuchezea, vile vya magari ya mbio. Vya kwanza nilivipata kwenye marobota ya salaula, yaani mitumba, vingine huniletea madereva wa malori. Vimefika 63. Januari, uvuvi ziwani umefungwa na hela hakuna, nilichukua kwacha 1,400 za sare na viatu vya shule nikanunua Lamborghini Countach kubwa, nyekundu, ndefu kama kiganja na nusu. Milango yake inafunguka kwenda juu, usukani unazungusha magurudumu ya mbele, na ukiinua boneti ya nyuma unaiona injini na nyaya zake. Niliificha ndani ya gunia, chini ya nyavu. Mwanangu wa miaka saba akaiona. Nilimkuta ufukweni anaiendesha mchangani, ubavu mzima umechubuka. Nilimpiga sana. Sasa nikiingia ndani, yeye anatoka. Mke wangu anasema nimeoa vigari. Kaka yangu anasema niuze vyote, ni utoto. Lakini navipenda, na ni akiba pia. Halafu kimoja cha zamani rangi inavimba na kupasuka. Kitaambukiza vingine? Nifanye nini?

Baba wa Kashikishi

Marahaba, baba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Countach umeieleza mpaka nyaya za injini. Kipigo umekiandika kwa maneno mawili, ukapita. Nadhani na wewe unajua kwamba kilichokufanya ushike kalamu ni hayo maneno mawili, kwa hiyo nitaanza na mtoto.

Mwombe radhi. Najua kwetu baba kumwomba mtoto radhi huonekana kama kuvua kofia mbele ya kuku. Fanya hivyo hivyo. Nyumbani kwetu kaka yangu alikuwa na gari la waya alilolitengeneza mwenyewe wiki nzima, magurudumu ya vifuniko vya makopo ya rangi ya viatu, usukani wa fimbo ndefu unaofika kifuani. Usiku mmoja baba alilipitia na baiskeli gizani, bila kukusudia. Asubuhi aliliona, akanywa chai, akaondoka. Kaka aliukunja ule waya akautupa juu ya paa la jiko, na hakutengeneza gari lingine tena. Waya ulikaa pale unashika kutu hadi jiko lilipobomolewa. Baba yetu alikuwa mtu mwema. Maneno matatu tu yangetosha.

Na mwanao hakuharibu kwa ukorofi. Ameona gari, akalitafutia barabara. Hivi vigari vidogo unavyovipenda vilizaliwa hivyo hivyo. Huko London, Jack Odell wa kiwanda cha Lesney alikuwa na binti ambaye shule yake iliruhusu mwanafunzi aje na kitu cha kuchezea endapo tu kinaingia ndani ya kiberiti. Odell akamtengenezea kigari kidogo cha kushindilia barabara, cha shaba, kinachoenea kiberitini. Darasa zima likataka. Kutokana na hilo likaja jina Matchbox, yaani kiberiti, mwaka 1953, na mikono ya watoto ikavisambaza vigari hivyo duniani kabla watu wazima hawajavipangia kabati. Hot Wheels nao, mwaka 1968, walitoa magari yao 16 ya kwanza wakiwa wameyapa magurudumu mepesi ili yakimbie mbali yakisukumwa. Kukimbia ndiyo kazi yaliyotengenezewa.

Kwa kaka yako: hapana, si utoto. Mtu anayeamka alfajiri kungoja mitumbwi, akashinda kwenye moshi wa kukaushia samaki, ana haki ya kuwa na kitu kizuri cha kutazama jioni. Countach halisi zilitengenezwa kati ya 1974 na 1990, karibu 2,000 tu, na wengi wetu hatutaiona hata moja kwa macho. Kumiliki umbo lake mkononi na kujua kila mkunjo wa bati lake ni mapenzi ya ufundi. Sikuambii uuze vyote. Ukiviuza kwa hasira utavinunua upya kwa siri, na siri ndiyo iliyokufikisha hapa.

Ila neno "akiba" lifute. Hapo unajidanganya, na mkeo analipa. Thamani ya kigari iko kwenye boksi lake, rangi isiyoguswa, na mtu anayekitaka. Na huyo mtu mara nyingi yuko Uingereza au Marekani, wala hatoki Kashikishi. Vile vikubwa vya dukani vilimiminwa kwa maelfu, havina uhaba wowote. Pale kavu ukiifikisha Kitwe unapata mnunuzi kabla jua halijazama. Countach ungemuuzia nani Januari hii mwalimu alipouliza viatu? Wewe wa kando ya Ziwa Mweru unajua kwamba kila mwaka, Desemba hadi mwisho wa Februari, nyavu zinapumzika. Fedha ya miezi hiyo mitatu ni ya chakula na shule. Haiguswi, hata Ferrari ikipita kwa nusu bei.

Kuhusu kile kinachopasuka. Unaviita vya chuma, lakini humiminwa kwa zamaki, ambayo sehemu yake kubwa ni zinki, pamoja na alumini, magnesi na shaba. Risasi kidogo ikiingia kwenye mchanganyiko, kigari huoza kutokea ndani: kinavimba, kinapasuka, mwisho kinamegeka kama biskuti. Vya kabla ya Vita vya Pili ndivyo vinavyougua zaidi. Zinki na risasi hukaa pamoja ardhini, kama mjini Kabwe, zilikochimbwa zote mbili hadi mgodi ulipofungwa 1994. Ugonjwa huu hauambukizi, na hauna dawa. Unyevu huuharakisha, kwa hiyo usifiche tena kigari chochote kwenye gunia chini ya nyavu mbichi. Lakini hicho kinachobanduka rangi kiweke mbali kabisa na mtoto. Rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na risasi, na watu wa Kabwe wanajua risasi inavyowafanya watoto.

Sasa, jioni moja watoto wakiwa wamelala, tandika mkeka, vitoe vyote 63 mbele ya mkeo, umtajie bei ya kila kimoja. Usipunguze hata kwacha kumi. Atakasirika, mwache akasirike, usijibu. Kisha mchague pamoja vya kuuza hadi kwacha 1,400 zirudi. Madereva waliokuletea wanajua pa kuvipeleka. Viatu vinunuliwe kwanza, usingoje ziwa lifunguliwe. Vitakavyobaki vipate rafu sebuleni, mahali pakavu, wazi, kila mtu avione. Ukitaka kingine, kitoke kwenye faida ya samaki na mkeo awe anajua.

Countach usiiuze. Kwa ubavu ule hakuna atakayekupa bei ya maana. Ifute mchanga kwa brashi laini, hasa kwenye bawaba za milango, umwite mwanao, umwambie ulikosea kumpiga, kisha uiweke mkononi mwake iwe yake. Asiposema kitu siku hiyo, usimlazimishe. Nenda naye tu ufukweni, ukae karibu wakati anaichimbia barabara.