Somo la Mvua Kubwa, Pepo Kali na Mafuriko

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye apelekaye pepo zikayachukua mawingu, akayateremsha maji kwa kipimo akitakacho. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu Waislamu, katika miaka hii ya karibu pwani yetu na bara yake zimepatwa na maji mengi. Tarehe 3 Desemba mwaka 2023 tope na mawe yaliporomoka kutoka mlima Hanang yakaifikia Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Katika masika ya mwaka 2024 mto Rufiji ulifurika ukazama mashamba, na tarehe 4 Mei kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kikafika Mafia, na mvua yake ikaikata njia ya Dar es Salaam na Lindi.

Katika misiba kama hii husikika maneno mawili. La kwanza ni kwamba waliofikwa wameadhibiwa kwa dhambi zao. La pili ni kwamba haya yote ni kadari, basi hapana la kufanya. Maneno yote mawili yamevaa nguo ya dini, na yote mawili hudhuru: la kwanza humvunjia heshima maiti, na la pili humwacha hai katika khatari. Tumeliandika somo hili kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu, ili mwanafunzi ajue yanayompasa kabla ya mvua, wakati wake na baada yake.

FASILI YA KWANZA: Mvua ni rehema, nayo huogopwa

Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alipoona wingu zito au upepo mkali, uso wake ulibadilika, akawa huingia na kutoka. Mvua inyeshapo ndipo moyo wake hutulia. Alipoulizwa, alikumbusha khabari ya kaumu ya Ad, walioliona wingu wakafurahi kuwa ni mvua, kumbe ndani yake ilikuwamo adhabu.

Na Anas bin Malik amesimulia kwamba mtu aliingia msikitini siku ya Ijumaa, Mtume yu katika khutba, akashitakia ukame na kufa kwa wanyama. Mtume akainua mikono akaomba, na mbinguni hapakuwa na wingu. Likatokea wingu nyuma ya mlima Sal'i, ikanyesha mvua, wala hawakuliona jua kwa muda wa juma zima. Ijumaa ya pili mtu akaingia akashitakia kwamba mali zimeangamia na njia zimekatika. Mtume akainua mikono tena, akaomba mvua iwe pembezoni mwao wala isiwe juu yao, iende kwenye vilima na matumbo ya mabonde na mashina ya miti.

Katika khabari hii mna faida tatu. Kwanza, kushitakia mvua iliyozidi si kukufuru neema, kwani mtu yule hakukemewa. Pili, Mtume hakuomba mvua iondoke duniani, bali aliomba ielekezwe mahali inapofaa. Tatu, kwa ajili ya mvua iliyozidi haikusuniwa sala makhsusi kama ile ya kuomba mvua, bali yatosha dua. Ndivyo alivyosema Imamu Nawawi (aliyekufa mwaka 676 wa Hijra) katika Minhaj. Na amesema pia kuwa ni makuruhu kuutukana upepo, kwa kuwa nao umeamrishwa.

FASILI YA PILI: Haijuzu kumhukumia aliyefikwa

Akisema msemaji: "Je, gharika ya Nabii Nuhu haikuwa adhabu?" Jawabu yake: ilikuwa adhabu, nasi twajua hayo kwa wahyi. Ama mafuriko ya leo, ni nani aliyeletewa wahyi akaambiwa kuwa haya ni adhabu kwa watu fulani? Asiyekuwa na wahyi na asinyamaze, amsemea Mola wake asilolijua.

Tazama mfano ulio karibu nasi. Mwaka 1872, sawa na 1289 wa Hijra, katika enzi ya Sayyid Barghash, tufani kubwa iliipiga Unguja mwezi wa Aprili. Ikazamisha merikebu bandarini na kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba iliepukana na sehemu kubwa ya msiba huo, na baadaye ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Je, yuko mwenye akili atakayesema kuwa watu wa Unguja walikuwa waovu wote na wa Pemba wema wote? Upepo ulipita njia yake kwa amri ya Mola wake, ukamkuta mchaji Mungu na asiyekuwa mchaji.

Bali sharia imesema kinyume cha hayo wanayoyasema. Katika hadithi sahihi, Mtume amewahesabu katika mashahidi mtu aliyekufa maji, na aliyeangukiwa na jengo, na aliyekufa kwa ugonjwa wa tumbo. Basi yule ambaye jirani yake amwita mwenye kuadhibiwa, huenda kwa Mola wake ameandikwa shahidi.

Mas'ala. Shahidi huyu ni shahidi wa akhera. Huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na huzikwa kama maiti mwingine; si kama shahidi wa vitani, asiyeoshwa wala kusaliwa. Na asiseme mtu kwamba aliyezama maji yamekwisha kumwosha. Imamu Nawawi amesahihisha kwamba kumwosha ni wajibu, kwa sababu sisi tulio hai ndio tulioamrishwa kuosha, na mto haukuamrishwa.

FASILI YA TATU: Kadari haiondoi wajibu

Mwaka wa 18 wa Hijra Sayyidna Umar alikuwa akienda Sham. Alipopata khabari ya tauni iliyokuwako huko, akaazimia kurejea. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga aliye na bonde lenye pande mbili, moja lina majani na moja kame: popote achungapo, achunga kwa kadari. Basi kuhama bondeni ni kadari kama ilivyo kadari kukaa, na mtu ataulizwa juu ya alilolichagua naye aweza.

Katika mlango huu yamo mambo manne.

La kwanza ni khabari za hali ya hewa. Wako wanaosema kuwa anayetabiri mvua adai kujua ghaibu. Sivyo. Ghaibu ni lile lisilo na dalili, na hawa hutazama dalili: joto la bahari, mwendo wa pepo, kukusanyika kwa mawingu; kisha husema kwa dhana yenye nguvu, kama baharia asemavyo akiona dalili za kusi. Bahari ya Hindi upande wetu ilipozidi joto mwishoni mwa mwaka 2023, vuli ikatazamiwa kuwa nzito, na ikawa nzito. Kuisikiliza khabari ya mjuzi mwaminifu ni katika kushika sababu.

La pili ni kusahau. Tufani hupata nguvu ya kuzunguka kutokana na mzunguko wa dunia, na nguvu hiyo ni dhaifu karibu na istiwai; kwa hiyo tufani hutufikia kwa nadra. Ilikuja Unguja mwaka 1872, ikaja Lindi mwaka 1952, na Mafia mwaka 2024. Jambo la nadra husahauliwa na wajukuu, wakajenga mahali ambapo babu zao walipakimbia. Kwa hiyo wazee na wawasimulie vijana mahali maji yalipofika zamani, kwani khabari hiyo ni amana.

La tatu ni haki ya jirani. Sharia imekataza kumdhuru mtu. Haikujuzu kuyaelekeza maji ya paa lako katika milki ya jirani yako bila ya idhini yake; wala kutoa kopo la maji juu ya njia likawadhuru wapitao. Basi huonaje mtu anayetupa taka katika mtaro wa mtaa mzima, au anayejenga ukuta juu ya mkondo wa maji akayarudisha nyumbani mwa mjane? Na anayekata mikoko yote ya ufukweni, ilhali ndiyo ivunjayo nguvu ya mawimbi? Akiomba usiku mvua iwe pembezoni, naye mchana ameziba njia ya kwendea huko pembezoni, dua yake na kazi yake zinagombana.

La nne ni onyo kwa wanafunzi. Katika Minhaj imesuniwa mtu kujitokeza kwa mvua ya kwanza ya mwaka, na kuoga au kutawadha katika maji ya mvua yanayopita. Asiisome mtu mas'ala hii akajitia katika korongo lenye maji ya kasi. Sunna hii ni kwa maji yaliyo salama. Maji yanayofika magotini tu yakiwa na nguvu humwangusha mtu mzima, na kujitia katika maangamizi ni haramu kwa nassi ya Kurani. Walimu wa vyuo wawazuie watoto wasivuke mito wakati wa mvua, na mtoto asipigwe kwa kukosa chuo siku hiyo.

FASILI YA NNE: Sala wakati wa mvua

Mvua iroweshayo nguo ni udhuru wa kuacha jamaa na Ijumaa. Anayeiacha Ijumaa kwa udhuru husali Adhuhuri. Vivyo hivyo tope jingi. Ama upepo mkali, ni udhuru wa jamaa wakati wa usiku. Wala asijione mtu kuwa ameipungukia dini akisali nyumbani, kwani Mtume mwenyewe aliamrisha mwadhini awanadie watu wasali majumbani mwao katika usiku wa baridi na mvua.

Inajuzu pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, kwa kutanguliza, yaani kuzisali zote mbili katika wakati wa ile ya kwanza. Sharti zake: mvua iwepo wakati wa kuanza kila sala, na wakati wa kutoa salamu katika ile ya kwanza, na sala iwe ya jamaa, katika msikiti ulio mbali, kwa mtu anayeudhika na mvua njiani. Anayesali nyumbani kwake hakusanyi kwa mvua. Wala haikusanywi kwa kuakhirisha, kwa sababu mvua yaweza kukatika kabla ya wakati wa pili. Na tope peke yake bila ya mvua, katika kauli mashuhuri ya madhehebu, si sababu ya kukusanya.

FASILI YA TANO: Maji na visima baada ya mafuriko

Maji yaliyogeuka rangi kwa udongo ni tohara, na yafaa kutawadha. Tope la njiani ambalo yakini ya najisi yake haikosekani husamehewa kwa kiasi ambacho ni taabu kujiepusha nacho.

Ama kisima kilichoingiwa na maji ya choo: maji yakiwa chini ya kula mbili, yamenajisika kwa kuguswa tu. Kula mbili ni kiasi cha maji yanayojaza mahali penye dhiraa moja na robo kwa urefu, kwa upana na kwa kina. Yakifikia kiasi hicho au yakazidi, hayanajisiki ila yageuke rangi, au ladha, au harufu. Yakigeuka, hutoharika mageuko yakiondoka yenyewe au kwa kuongezewa maji. Si kwa kuifunika harufu kwa harufu nyingine, kwani kilichofichwa si kilichoondoka.

Lakini sikia vizuri, ewe ndugu yangu: maji ya tohara si lazima yawe maji ya salama. Mwanachuoni huangalia rangi, ladha na harufu. Ugonjwa wa kipindupindu hauna hata kimoja katika hivyo. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kitekwe maji yake, kisafishwe, kitiwe dawa. Na maji ya kunywa yachemshwe. Mwenye kuwapa wageni wake maji asiyoyaamini, kisha akasema ameshika fikihi, ameshika nusu yake.

FASILI YA SITA: Mali iliyochukuliwa na maji

Chombo, mbuzi, ubao au bati lililoletwa na maji mpaka uwanjani mwako halikuwa lako kwa kuletwa. Ni amana ya mwenyewe: mrudishie ukimjua, na usipomjua ulihifadhi au ulipeleke kwa mwenye mamlaka.

Na fikihi imefika hata kwenye mbegu. Imamu Nawawi amesema kwamba mafuriko yakichukua mbegu za mtu yakazipeleka katika shamba la mwingine zikaota, mimea ile ni ya mwenye mbegu. Nao mwenye shamba, katika kauli iliyo sahihi zaidi, ana haki ya kumtaka aing'oe. Tazama insafu iliyomo: maji hayakumnyang'anya huyu mbegu yake, wala hayakumnyang'anya yule ardhi yake. Ikiwa mbegu moja ina mwenyewe, itakuwaje mali ya waliokimbia usiku wakaacha milango wazi? Kuingia katika nyumba zao kuchukua ni wizi, na wizi wa kumwibia aliyefikwa na msiba ni mchungu zaidi.

KHATIMA

Wanafunzi na wajibu maswali haya mbele ya mwalimu wao:

1. Kwa nini aliyezama maji huoshwa?
2. Ni ipi tofauti ya tope na mvua katika kukusanya sala?
3. Kisima kimegeuka harufu, mwenyewe akatia kitu chenye harufu kali zaidi, je, kimetoharika?
4. Katika mtaa wenu, maji ya mvua hupita wapi, na ni nani aliyeiziba njia yake?

Swali la nne halimo katika vitabu, na jawabu yake haipatikani kwa kukaa chuoni. Litafuteni kwa miguu kabla ya masika.

Ewe Mola wetu, ijaalie mvua yetu iwe ya kunufaisha wala isiwe ya kuangamiza. Warehemu waliozama na waliofunikwa na udongo, wape subira waliobaki, na utuwafikie tuzilinde haki za jirani zetu katika kiangazi kama tunavyokuomba katika masika. Amin.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.