Miali Itokayo kwenye Nyota Zilizopasuka

Wasomaji, huenda mtashangaa nikiwaambia kwamba hivi sasa, mnaposoma ukurasa huu, chembe ndogo mno zapenya miilini mwenu, nazo zimezaliwa na miali itokayo mbali sana angani.

Aliyeigundua miali hiyo ni Victor Hess wa Austria. Tarehe 7 Agosti, 1912, alipanda kwa baluni kadiri ya meta 5,300, akaona ya kuwa mionzi haipungui bali yazidi kadiri anavyopaa. Basi haitoki ardhini, yatoka juu.

Lakini juu wapi? Hapo ndipo penye ugumu. Karibu tisa katika kila kumi ya chembe za miali hiyo ni protoni, zenye umeme, na kitu chenye umeme hupindishwa njia na nguvu za sumaku zilizotapakaa kati ya nyota. Protoni ikifika kwetu imekwisha zungushwa hata haituonyeshi ilikotoka.

Wataalamu walizishuku nyota zipasukazo. Nyota ikipasuka, vipande vyake huruka kwa maelfu ya kilometa kwa sekunde, na mbele yake huenda wimbi la mshindo. Fikirini mpira wa meza: uudundishe kati ya kibao na meza, kisha ukishushe kibao polepole. Mpira huzidi mbio kila ugongapo. Protoni nayo hurudishwa na sumaku huku na huku kuvuka wimbi lile, na kila safari huongeza nguvu kidogo. Wazo la namna hii lilianzishwa na Enrico Fermi mwaka 1949. Mimi nalipenda, kwani halidai ajabu yoyote, ila kurudiarudia tu.

Ushahidi ulitafutwa katika mwanga, ambao haupindishwi na sumaku. Mwaka 2004 darubini za H.E.S.S. huko Namibia, zilizopewa jina la kumkumbuka Hess, zilionyesha miali ya gama ikitoka kwenye mabaki ya nyota katika kundi la Nge, yenye umbo kama gamba la duara. Hata hivyo elektroni nazo huweza kutoa miali ya gama, basi kesi haikwisha. Ndipo mwaka 2013 chombo kiitwacho Fermi, kizungukacho dunia, kilipopata alama ya protoni zenyewe katika mabaki mawili, W44 na IC 443. Protoni ikigonga gesi huzaa pioni, na pioni hufa mara moja ikiacha miali miwili ya gama. Alama hiyo elektroni haziwezi kuiiga.

Linalobishaniwa bado ni kama mabaki hayo yaweza kuzipa chembe nguvu zile kubwa kupita zote zipatikanazo katika kundi letu la nyota.